Mikanda Iliyochomwa: Bhanumathi, Chakrapani na Picha ya Missamma

Filamu za Kitelugu, lugha mojawapo ya Kusini mwa India, zina visa vingi vya ugomvi, lakini kimoja hakichakai. Mtayarishaji anamwita mwigizaji wake mkuu na kumtaka aandike barua ya kuomba radhi kwa sababu amechelewa kazini. Mwigizaji anagoma katakata. Mtayarishaji anaagiza mikanda yote waliyokwisha kupiga naye iletwe, kisha anaitia kiberiti huku mwigizaji mwenyewe anatazama. Inasimuliwa ilikuwa mikanda minne. Kwa filamu ya milimita 35 hiyo ni karibu dakika 40 za picha, na nyuma ya dakika hizo kuna siku nyingi za taa, mafundi, mavazi na mishahara.

Mwigizaji alikuwa Bhanumathi Ramakrishna. Mtayarishaji aliitwa Chakrapani, wa kampuni ya Vijaya Productions, Madras (leo Chennai). Picha ni Missamma, ambayo ilitoka Januari 1955 ikiwa na mwanamke mwingine kabisa katika nafasi ile, Savitri, na ikampandisha Savitri mpaka juu.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama kisa cha kiburi. Anayempenda Bhanumathi atasema kiburi kilikuwa cha Chakrapani, na anayempenda Savitri atasema Mungu hamwachi mja wake. Wapo pia watakaosema mafahali wawili hawakai zizi moja, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi naona swali la tabia linatupotezea muda. Wanawake wenye msimamo walikuwepo wengi katika studio zile. Cha kuuliza ni kwa nini huyu mmoja aliweza kusema hapana, akatoka nje ya geti la kampuni kubwa kuliko zote za Kitelugu, na kesho yake bado akawa na kazi.

Binti wa Doddavaram

Alizaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha Doddavaram, karibu na mji wa Ongole, sehemu ambayo leo ni jimbo la Andhra Pradesh. Baba yake, Bommaraju Venkata Subbaiah, alikuwa mpenzi mkubwa wa muziki wa asili wa Kusini mwa India, na akamfundisha binti kuimba tangu mdogo. Siku hizo msichana wa familia ya heshima kuingia kwenye filamu lilikuwa jambo la kusemwa vibarazani. Mwongozaji C. Pullayya alipomtaka kwa ajili ya Vara Vikrayam ya mwaka 1939, picha inayoshambulia biashara ya mahari inayolipwa na upande wa bibi harusi, baba alikubali kwa sharti: hakuna mwanamume atakayemkumbatia binti yake mbele ya kamera. Humo Bhanumathi, akiwa na umri wa miaka kama 13 au 14, aliigiza msichana anayejiua ili asiozwe kwa mzee.

Sharti hilo lina uzito kwenye kisa chetu. Tangu siku ya kwanza mwanamke huyu hakuingia studio kama mtu anayeshukuru kuchukuliwa. Aliingia akiwa na masharti yake, hata kama wakati ule masharti yalikuwa ya baba.

Kwenye Krishna Prema (1943) alikutana na mwongozaji msaidizi, P. S. Ramakrishna Rao, akampenda, wakaoana mwaka huohuo. Akataka kuacha filamu akae nyumbani. B. N. Reddy, mwongozaji mwenye heshima kubwa, ndiye aliyemrudisha kwa ajili ya Swargaseema (1945), na humo akaimba Oh Ho Ho Pavurama, wimbo uliomfanya ajulikane kila mtaa wa Kitelugu. Sauti ni yake mwenyewe. Naomba msomaji alishike hilo, tutalihitaji.

Baada ya hapo mume na mke walifanya jambo ambalo waigizaji wengi wa enzi ile hawakuwahi kulifanya. Walianzisha kampuni yao, Bharani Pictures, wakaipa jina la mtoto wao wa kiume, kisha wakajenga na studio yenye jina hilohilo hapo Madras. Ratnamala ilikuwa picha yao ya kwanza, Laila Majnu ikafuata mwaka 1949. Mwaka 1953 Bhanumathi akaongoza mwenyewe Chandirani kwa lugha tatu, Kitelugu, Kitamil na Kihindi, akiwa pia mwigizaji mkuu na mwimbaji. Kwa Kitamil alikuwa ametanguliwa na T. P. Rajalakshmi, aliyeongoza picha katika miaka ya 1930. Kwa hiyo wanaompa Bhanumathi taji la mwanamke wa kwanza Kusini nzima wanazidisha, ingawa kuongoza lugha tatu kwa mkupuo mmoja si mchezo. Steringi wake kwenye Chandirani alikuwa N. T. Rama Rao.

Huyo Rama Rao ndiye pia steringi wa Missamma. Yaani juzi tu Bhanumathi alikuwa mwajiri wake na mwongozaji wake, anayemwambia simama hapa, rudia pale. Leo wako wote wawili kwenye uwanja wa mwingine, na huyo mwingine anamtaka mmoja wao aandike barua ya radhi.

Chakrapani naye

Tusimfanye Chakrapani jambazi wa picha. Jina lake halisi ni Aluri Venkata Subba Rao, na Chakrapani lilikuwa jina la uandishi. Alitoka Tenali, alijua Kibengali vizuri, akaleta kwa Kitelugu kazi za mwandishi Sarat Chandra. Yeye na mwenzake Nagi Reddy ndio walioanzisha Chandamama mwaka 1947, jarida la watoto lililosomwa na vizazi kadhaa vya India katika lugha nyingi. Kwa hiyo ugomvi huu ulikuwa kati ya waandishi wawili, jambo linalosahaulika, maana Bhanumathi naye alikuwa akiandika hadithi fupi tangu ujana wake.

Vijaya ilisifika kwa utaratibu. Hadithi ilikamilishwa mezani kabla ya kamera kuwashwa, watu walilipwa kwa wakati, na picha zao zilitoka mara mbili, Kitelugu na Kitamil. Kwa utaratibu huo tukio moja hupigwa, kisha wanabadilisha waigizaji na lugha, wanalirudia. Missamma ilikuwa na Rama Rao upande wa Kitelugu, na Missiamma ya Kitamil ilikuwa na Gemini Ganesan. Mwigizaji mkuu wa kike akikosekana asubuhi, zinasimama picha mbili kwa pamoja. Anayeendesha kazi ya namna hiyo lazima aogope kuchelewa kuliko anavyoogopa ukame.

Hadithi yenyewe, iliyotokana na tamthilia ya Kibengali, ni ya kuchekesha. Shule moja ya kijijini inataka walimu wawili wenye shahada, mume na mke. Mary, Mkristo asiye na kazi na mwenye deni linalomnyima usingizi, anakubali kujifanya mke wa kijana wa Kihindu ambaye naye hana kazi. Wanahamia kijijini, na uongo unaanza kuwatesa.

Siku ya sala

Kwa jinsi kisa kinavyosimuliwa tangu wakati huo, ilikuwa siku ya Varalakshmi Vratam. Hii huangukia Ijumaa moja katika mwezi wa Shravana wa kalenda ya Kihindu, Julai au Agosti, na ni siku ya wanawake wenye waume. Chungu cha shaba au fedha hujazwa, juu yake huwekwa majani ya mwembe na nazi, halafu chungu hicho huvikwa sari na vidani kama bibi harusi, kwa kuwa siku hiyo ndicho mungu wa kike Lakshmi mwenyewe. Mwenye nyumba hakuli mpaka sala ziishe. Uzi uliopakwa manjano hufungwa kwenye mkono wa kulia, na wanawake majirani huitwa kupokea majani ya tambuu, matunda na dengu zilizolowekwa. Si ibada ya kufanya dakika kumi halafu ukakimbilia gari.

Bhanumathi aliifanya kwanza, akaenda studio mchana. Upande wake ulishikilia kwamba taarifa ilitolewa. Kwa Chakrapani taarifa haikuwa kitu, kwa sababu taa zilishawashwa na watu walishasubiri. Akataka radhi ya maandishi. Hapo maji yakazidi unga.

Sasa tuangalie hiyo barua. Kama tatizo lilikuwa saa zilizopotea, dawa yake ilikuwa kukata malipo au kuongeza siku. Barua hairudishi saa. Barua ni karatasi inayokaa kwenye faili na kusomwa na wengine: Bhanumathi, mwenye studio, mwongozaji wa lugha tatu, amekiri kosa mbele ya Vijaya. Na yeye, aliyekuwa akitia saini hundi za waigizaji wake mwenyewe, alijua vizuri karatasi ya aina hiyo hutumikaje. Kukataa kwake sioni kama hasira za ghafla. Ni mtu wa biashara aliyesoma mkataba mpya uliosukumwa mbele yake na asiutie saini.

Moto wa Chakrapani nao ulikuwa na hesabu. Angeweza kuifungia mikanda kabatini, akamtoa mwigizaji kimyakimya. Aliichoma mbele yake, na fedha iliyoteketea ilikuwa ya kampuni yake. Ujumbe haukuwa wa Bhanumathi peke yake. Ulikuwa wa kila staa aliyekuwa ameajiriwa na Vijaya, wanaume kwa wanawake: kama huyu amechomewa, wewe ni nani? Lakini hapa nina wasiwasi wangu. Sidhani kama angemchomea Rama Rao dakika 40 kwa kuchelewa asubuhi moja. Ni dhana yangu tu, na simlazimishi mtu aikubali.

Kilichotoka kwenye majivu

Savitri alikuwa tayari ndani ya picha hiyohiyo, katika nafasi ya pili. Akapandishwa nafasi ya Mary, na ile aliyoiacha akapewa Jamuna. Masimulizi ya mitaani yanapenda kusema Savitri alikuwa msichana asiyejulikana aliyeokotwa. Si kweli. Mwaka 1951 kampuni hiyohiyo ilimpa ngoma moja tu kwenye Pathala Bhairavi, lakini kufikia 1953 alishakuwa Parvati wa Devadasu, picha iliyowaliza watu Kusini nzima. Missamma haikumzaa Savitri. Ilimwonyesha kwamba anaweza kuchekesha na kukasirika kwa macho bila kupaza sauti, na baada ya hapo Vijaya wakampa Mayabazar (1957) na Gundamma Katha (1962).

Badiliko jingine halisemwi sana. Bhanumathi alikuwa akijiimbia. Savitri hakuwa mwimbaji, kwa hiyo nyimbo za Mary zikaimbwa na P. Leela, na Savitri akachezesha midomo. Kumtoa Bhanumathi kulimaanisha kutoa sauti na sura kwa wakati mmoja, na kuziba pengo kulihitaji wanawake wawili. Ukisikiliza leo nyimbo za Missamma zilizotungwa na S. Rajeswara Rao, jiulize zingekuwaje kwa sauti ya Bhanumathi, nzito kidogo, yenye madaha, inayopenda kuburuza mwisho wa mstari. Huyohuyo Rajeswara Rao alikuwa ametunga nyimbo za Malliswari mwaka 1951, ambazo Bhanumathi aliziimba, na wapo wasiokubali mpaka leo kwamba kuna muziki wa filamu ya Kitelugu uliozizidi.

Kiasi gani alipoteza? Kingi. Picha za Vijaya za miaka iliyofuata ndizo ambazo Watelugu huzionyesha watoto wao, na ndani ya zile kubwa kabisa anang'aa Savitri. Anayesema Bhanumathi hakupoteza kitu hatendi haki.

Lakini hakubaki nyumbani akisubiri simu. Mwaka 1954 Bharani Pictures ilitoa Vipra Narayana, iliyoongozwa na mumewe, yeye akiwa Devadevi, mwanamke anayemtia majaribuni mcha Mungu. Picha hiyo ilipata cheti cha sifa katika tuzo za taifa. Upande wa Kitamil alikuwa ametoka kwenye Malaikkallan pamoja na M. G. Ramachandran, ambaye wote humwita MGR, na mwaka 1956 wakaonekana tena katika picha ya Alibaba na wezi arobaini, filamu ndefu ya kwanza ya Kitamil kuwa ya rangi mwanzo hadi mwisho. Mwanasiasa C. N. Annadurai alimwita sarufi ya uigizaji. Geti moja lilifungwa, na mengine yalikuwa wazi kwa sababu mojawapo lilikuwa lake.

Mara ya pili

Dhana yangu kwamba kisa hiki ni cha mali zaidi ya hasira inapata shahidi mwaka 1958. MGR alikuwa anaongoza picha yake ya kwanza, Nadodi Mannan, kwa kampuni yake mwenyewe, akiwa ameweka karibu kila alichokuwa nacho rehani. Bhanumathi alikuwa mwigizaji mkuu wa kike. MGR alibadilisha hadithi kila mara na kurudia matukio, Bhanumathi akaona hakuna mpango, wakapishana maneno, akaondoka.

Sisi tumekua tukiambiwa steringi hafi. Katika Nadodi Mannan anakufa. Mhusika aliyeigizwa na Bhanumathi anauawa katikati ya hadithi, na nusu ya pili, ambayo ilikuwa na sehemu ya rangi, anaingia B. Saroja Devi. Picha ikapata mafanikio makubwa mno, na Saroja Devi akawa staa, kama Savitri kabla yake.

Linganisha basi. Chakrapani alikuwa na fedha ya kuchoma, akachoma. MGR hakuwa nayo, kwa hiyo mikanda ya Bhanumathi ikabaki na mwandishi wa hadithi ndiye aliyefanya kazi ya kiberiti. Bhanumathi kwa upande wake alifanya jambo lilelile mara zote mbili, kwa utulivu uleule, kwa sababu mara zote mbili alikuwa na mahali pa kurudi Jumatatu asubuhi.

Na Savitri? Naye alitaka kuwa mwenye studio wa nafsi yake. Aliongoza Chinnari Papalu mwaka 1968, akaendelea na nyingine, na Praptham ya mwaka 1971 ikammaliza kifedha. Ndoa yake na Gemini Ganesan ikavunjika, kodi ikamwandama, afya ikaenda. Alifariki Desemba 1981 baada ya kulala bila fahamu kwa zaidi ya mwaka. Filamu ya Mahanati (2018) iliwarudishia vijana huzuni hiyo yote. Kipaji kilikuwa chake, pengine kuliko cha Bhanumathi mbele ya kamera. Bhanumathi alikuwa na mume anayejua kuendesha kampuni na jengo lenye jina la mtoto wao. Alichokuwa nacho Savitri, wengine wengi walikitia mkono.

Inaelezwa Bhanumathi alisema amefurahi kwamba kwa sababu yake watu walimpata Savitri. Huenda alimaanisha kabisa. Ila ni neno jepesi zaidi kulitamka ukiwa na studio.

Mama mkwe

Kuna upande wa kisa hiki ambao waandishi wa filamu huupita, na mimi ndio unaonivutia kuliko wote. Bhanumathi mwandishi anajulikana zaidi kwa Atta Gari Kathalu, mkusanyiko wa hadithi za mama mkwe, ulioheshimiwa na chuo cha fasihi cha Andhra Pradesh. Msimuliaji ni mkamwana wa kisasa. Mama mkwe ni mwanamke wa kale, mjane wa kufunga na kusali, mshika miko ya usafi wa kidini: akishaoga na kuvaa nguo iliyokaushwa mahali pasipofikiwa na mtu, asiguswe na yeyote mpaka amalize kupika na kusali. Akiguswa anaanza upya. Nyumba nzima inapanga maisha kwa kumzunguka, na hata achari ya embe inakuwa shughuli ya kuitisha baraza.

Mkamwana hambishii. Anaitikia, anatazama, anaandika. Ucheshi unatoka hapo: mama mkwe ana hakika na kila kitu, dunia inakataa kumtii, na mkamwana anajua mwisho wake kabla yake. Hakuna chuki ndani. Kabla ya hapo mama mkwe wa hadithi za Kitelugu alikuwa nyoka. Wa Bhanumathi ni mtu wa kumcheka na kumkosa akisafiri.

Sasa weka kitabu hicho kando ya ile Ijumaa ya Shravana. Mwanamke aliyeandika kwa kejeli laini kuhusu nyumba inayosimama kwa sababu ya ibada ya mtu mmoja ndiye yuleyule aliyesimamisha studio ya Vijaya, lugha mbili na waigizaji wote, kwa sababu ya ibada yake. Wengine wataona unafiki. Mimi naona anajicheka. Alijua jinsi mama mkwe anavyoonekana kwa nje, alijua pia kwamba mama mkwe hatakubali kuomba radhi kwa kusali, na akamchagua mama mkwe.

Serikali ya India ilimpa Padma Shri mwaka 1966 na Padma Bhushan mwaka 2001. Katika miaka ya 1980 alikuwa mkuu wa chuo cha muziki cha serikali ya Tamil Nadu. Kitabu cha maisha yake, Nalo Nenu, kilipata tuzo ya taifa ya kitabu bora kuhusu sinema. Alifariki Chennai tarehe 24 Desemba 2005.

Kati ya hayo yote iko picha moja ya mwaka 1984, Mangamma Gari Manavadu, yaani Mjukuu wa Bi Mangamma. Miaka hiyo N. T. Rama Rao alikuwa waziri mkuu wa jimbo la Andhra Pradesh, na MGR alikuwa kwenye kiti kama hicho Tamil Nadu. Bhanumathi, karibu miaka 60, anaigiza bibi wa kijijini asiyeambiwa kitu, mwenye ulimi mkali, na mjukuu wake ni Balakrishna, mtoto wa Rama Rao. Picha ilijaza kumbi miezi na miezi. Jina la bibi liko kwenye kichwa cha filamu, na la mjukuu halimo.